Uzoefu wangu: boti ya Dar–Unguja na hoteli za pwani nje ya msimu wa wageni

Kwa anayeishi Dar na anataka Unguja isiyo na msongamano, mimi namwambia aende wiki tatu za mwanzo za Novemba. Ni tangambili, kipindi cha kati ya pepo mbili za msimu: upepo wa kusi umelala, wa kaskazi haujakaza, bahari shwari. Wageni wa Julai na Agosti wameshaondoka, wa Krismasi hawajafika, na shule bado hazijafungwa. Vuli ipo, lakini aghalabu hupiga kwa muda mfupi, jua likarudi. Nafasi ya pili naipa nusu ya pili ya Mei. Aprili ndiyo yenye bei ya chini kuliko zote, ila ina masharti yake.

Boti ya mwendo kasi hutumia kama saa mbili hadi gati la Malindi. Kwenda huwa si tatizo, kazi iko kwenye kurudi. Unguja iko kaskazini mwa Dar, na kusi huvuma kutoka kusini: ukienda, mawimbi yanakusukuma kwa nyuma, ukirudi, boti inayapasua kwa mbele, na hapo ndipo mifuko ya kutapikia huanza kugawiwa. Kusi huanza kukaza Mei na hutesa zaidi Juni hadi Agosti. Kwa hiyo ukisafiri mwishoni mwa Mei, rudi na boti ya asubuhi, maana alasiri upepo huongezeka. Kaa sakafu ya chini, katikati, kuelekea nyuma. Viti vya mbele vina mandhari nzuri na mrusho mbaya. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla ya kupanda. Ukisubiri boti ianze kuyumba umechelewa.

Siku za katikati ya wiki tiketi hupatikana dirishani bila shida. Ijumaa jioni na Jumapili jioni hujaa hata nje ya msimu, na sikukuu za Iddi hazijui msimu wowote. Ramadhani nayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda kwanza: mchana migahawa mingi ya mjini hufungwa, na ustaarabu ni kutokula hadharani. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Vishoka wa tiketi nje ya geti, wapite tu, usinunue kwao.

Sasa Aprili. Masika ikishika, tatizo la kwanza liko huku huku Dar: Jangwani ikijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama. Anayetoka Kimara au Mbezi azungukie Barabara ya Mandela na aondoke mapema sana. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2, safari inaweza kuahirishwa. Kabla ya kulipa, uliza tiketi inahamishwaje tarehe, na hotelini uliza hivyo hivyo.

Hoteli nyingine za pwani ya mashariki hufunga kabisa Aprili na Mei kwa matengenezo. Zilizo wazi, piga simu moja kwa moja, ulizia bei ya Mtanzania, na uliza kama jiko linafanya kazi kikamilifu. Wageni wakiwa wachache, menyu huandikwa yote lakini samaki lazima umwagize asubuhi. Chumba kilichofungwa wiki kadhaa hushika uvundo. Fungua kabati unuse, inua shuka ushike godoro, washa kiyoyozi dakika 10 uone kama kinadondosha maji ndani. Kikishindwa kimoja, omba chumba kingine hapo hapo. Nje ya msimu vipo.

Jambo ambalo halipungui bei wala haliangalii msimu ni maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, maji hukupwa kama saa nne asubuhi hadi unaona mashamba ya mwani tupu, na hujaa tena kama saa kumi jioni. Kama kuogelea asubuhi ndiyo nia yako, panga siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, au nenda Nungwi na Kendwa, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali.

Ukiwa na mgeni kutoka nje ya nchi, muweke tayari: tangu Oktoba 1, 2024 bima ya Zanzibar ni lazima kwake, dola 44 kwa mtu mzima, Aprili na Agosti sawasawa.