Mtutu wa bunduki ya kwanza ya shabaha ya mbali: umbo lipi uagize

Mwindaji wa Liwale au Kilwa anayetaka kuingia kwenye mashindano ya shabaha ya mbali huja na mazoea ya porini: bunduki nyepesi, mtutu mwembamba, risasi moja au mbili na kazi imekwisha. Mashindano yanataka kinyume chake. Utafyatua risasi 8 hadi 10 ndani ya dakika moja na nusu au mbili, au 15 hadi 20 mfululizo ukiwa umelala kifudifudi, na ya mwisho inatakiwa itue zilipotua za mwanzo.

Umbo la mtutu ni vipimo vitatu vya nje: kipenyo cha shina linalofungwa kwenye mtambo (sehemu ya bunduki inayopakia na kufyatua risasi), urefu wa shina hilo kabla halijaanza kupungua, na kipenyo cha mdomo. Mifereji ya ndani na msokoto wake ni habari nyingine. Usizichanganye unapojaza oda.

Ugumu wa mtutu, yaani uwezo wake wa kutopinda, hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo mtutu ulionenepa kwa asilimia 10 unakuwa mgumu kwa asilimia 46 hivi. Urefu unaharibu: ukikata mtutu uleule kutoka inchi 26 hadi 24, kunepa kwa mdomo kunapungua kwa zaidi ya moja ya tano. Ndiyo maana mtutu mfupi mnene mara nyingi ni mtulivu kuliko mrefu mwembamba wa uzito uleule. Unachopoteza ni mwendo wa risasi, takriban mita 6 hadi 9 kwa sekunde kwa kila inchi.

Halafu joto. Mtutu mwembamba unashika moto haraka, na kama chuma kilibaki na msongo wa ndani tangu kiwandani, kinajikunja kidogo na risasi zinahama shabaha. Mnene hauzuii joto, unalichelewesha tu, na ukishashika moto unachukua muda mrefu kupoa. Kwa jua la Mtwara la saa saba mchana, bunduki iliyoachwa wazi inaanza mchezo tayari imepata moto, na hewa inayopanda kutoka kwenye mtutu inaleta mazigazi mbele ya darubini. Ifunike kwa kitambaa cheupe, na funga ukanda wa kitambaa juu ya mtutu wakati wa kupiga.

Chaguo la kwanza: umbo liitwalo M24, urefu inchi 26. Shina inchi 1.2, mdomo inchi 0.9, uzito karibu kilo 2.7. Ukiongeza mtambo, chasisi (kitako cha chuma), darubini na baipodi (miguu miwili ya mbele) unafika kilo 8 na ushee, uzito unaobebeka kutoka kizuizi hadi kizuizi na bado unatuliza teke la bunduki, hata ukajionea mwenyewe risasi inapotua. Watengenezaji karibu wote wanalo umbo hili, na chasisi nyingi zinalipokea bila kuchongwa. Hujui bado utapenda mchezo gani? Agiza hili.

La pili: MTU. Shina inchi 1.25, mdomo kama 0.93, kilo 3 hivi kwa inchi 26. Linafaa aliyekwisha kuamua kwamba atapiga akiegemea vizuizi na mifuko ya mchanga. Angalia mizani ya bunduki nzima: mtutu wa namna hii juu ya kitako chepesi unaivuta pua chini, na utaishia kununua vyuma vya kuongeza nyuma.

La tatu: Heavy Palma, inchi 30. Hili ni la kulala na kupiga mbali, hasa mchezo wa F-Class, ambao mashindano yake ya dunia ya 2023 yalifanyika Bloemfontein, Afrika Kusini. Kwa daraja lake la F-TR bunduki nzima, pamoja na darubini na baipodi, haitakiwi kuzidi kilo 8.25; kwa daraja la F-Open, lenye uhuru zaidi wa vifaa, ni kilo 10. Piga hesabu kabla ya kulipa: mtutu 3.2, mtambo 1.1, kitako 1.8, darubini na vishikio 1.2, baipodi 0.7. Ni kilo 8.0, umebakiwa na gramu 250. Pima kwa mizani ya duka inayosoma gramu. Ile ya ghala la korosho haitakusaidia hapa.

La nne: Remington Varmint. Mdomo inchi 0.83 hivi. Ni la mtu anayetaka bunduki moja ya mashindano na ya porini. Inawezekana, ila kila upande utalalamika kidogo.

Mtutu wa unene mmoja wa inchi 1.25 mwanzo hadi mwisho unafika kilo 4.2 kwa inchi 28. Uachie wanaopiga bunduki ikiwa imelazwa mezani. Uliozungushiwa nyuzi za kaboni ni mwepesi, lakini bei yake ingekununulia mtutu wa pili wa chuma, na huo wa pili utauhitaji: wa risasi za aina ya 6.5 Creedmoor huchoka kati ya risasi 2,000 na 3,000. Mtutu mwembamba wa kuwindia haumo kabisa kwenye orodha yetu.

Michirizi ya nje? Inapunguza uzito na kuongeza eneo la kupoa. Haiongezi ugumu, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo, na ikichongwa vibaya inaweza kubadilisha kipenyo cha ndani. Kwa bunduki ya kwanza, okoa hiyo pesa.

Kosa linalorudiwa sana ni kununua kitako kilichochongwa kwa mtutu mwembamba, kisha kuagiza M24. Mtutu unagusa mbao, na kila ukishikilia baipodi kwa nguvu risasi inahamia upande. Karatasi iliyokunjwa mara mbili ipite huru kutoka ncha ya kitako hadi kwenye mtambo. Ukibadilisha mtutu baadaye, rudia umbo lilelile. Na kama utafunga breki ya mdomo (kifaa cha kupunguza teke) kwa uzi wa 5/8-24 (kipenyo inchi 5/8, nyuzi 24 kwa inchi), mdomo usipungue inchi 0.75, la sivyo breki inakosa bega la kukalia.

Kabla ya kutuma hela, nenda polisi kwa ofisa anayeshughulikia leseni za silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ukiwa na maelezo kamili ya unachoagiza. Mtutu si kipuri cha pikipiki, na nchi ambako mtutu unatoka nayo itadai vibali vyake.

Kuhusu chuma, agiza 416R, lakini usidanganywe na jina la chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya upepo wa kusi kule Mikindani inakitia madoa kama kingine. Futa jasho la mikono siku hiyohiyo, paka mafuta mepesi nje na ndani, na usihifadhi bunduki kwenye mkoba wa sponji. Sponji inanyonya unyevu na kuukumbatisha na chuma usiku kucha. Kabla ya kupiga tena, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu hadi kitoke bila mafuta, maana risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta kwa kawaida haitui na wenzake.