Hema lile lile, nimelinunua mara mbili

Mbukwenyi ndugu zangu. Hema ninalolizungumzia hapa ni la watu wanne, na nimelinunua mara mbili: Februari 2021, kisha Oktoba mwaka huo huo. Kampuni ile ile, rangi ile ile, duka lile lile. La kwanza lilitumika safari moja tu. La pili ninalo hadi leo na limeshalala porini zaidi ya mara 30. Jina la kampuni nalihifadhi, maana kosa lilikuwa langu.

Lile la kwanza tulikwenda nalo Mtera mwezi Machi. Usiku ikanyesha, alfajiri tukalikunja vile vile na maji yake, tukawahi gari. Kufika nyumbani Nkuhungu nikalitupia juu ya kabati, nikasahau. Hesabu yangu ilikuwa hivi: Dodoma ni pakavu, mvua yenyewe ni Desemba hadi Aprili na bado ya kubahatisha, sasa hapa kitaoza nini? Ila nyumba niliyopanga haikuwa na dari, na kabati lilikuwa limekaribia mabati. Saa nane mchana ukipeleka mkono kule juu utadhani umefunua chungu jikoni.

Septemba tukajipanga kwenda Kolo, njia ya Babati, kuona michoro ya miambani ya Kondoa (UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na wengi tuliokulia mkoa huu hatujawahi kuitia machoni). Jioni ya kuamkia safari nikalifungua hema uani. Harufu iliyotoka ni ya maziwa aliyocheua mtoto. Kitambaa kilikuwa kimegandana, ukikibandua kinalia kama plasta inayotolewa kwenye kidonda. Kwa ndani magamba meupe yanapukutika, na tepe za kwenye mishono zinaning'inia. Nikamwaga kikombe cha maji juu yake, yakapita kama chai kwenye chujio. Lebo ilikuwa bado inasomeka 2000 mm, yaani kitambaa kinahimili maji yaliyosimama kimo cha mita 2 kabla hayajaanza kupenya!

Nilichokuja kuelewa ni kwamba poliesta yenyewe haizuii mvua. Kinachozuia ni tabaka jembamba la poliurethani lililopakwa upande wa ndani, na tabaka hilo huvunjwavunjwa na unyevu, tena joto likiongezeka kazi inakwenda mbio. Mfuko wa hema ni wa nailoni na ulikuwa umekazwa kamba. Nje Dodoma imekauka mpaka midomo inapasuka, humo ndani mvua ya Mtera ilikuwa haijaondoka. Likishafikia kunata namna hiyo, kuosha hakusaidii kitu.

La pili nililea kama yai. Tukirudi safari, hata kama hakukuwa na mvua, nalisimamisha uani siku nzima, kwa sababu pumzi za watu wanne usiku kucha ni maji tosha. Mara ya kwanza kufanya hivyo, mama wa nyumba ya pili alikuja amejifunga khanga, uso umemwinama: "Poleni jamani, nani ametutoka?" Kwetu turubai likisimama uani ni msiba au harusi, na harusi angekuwa ameshachangishwa. Siku hizi wamezoea.

Naliweka chini ya mwarobaini, kwa kuwa jua kali la siku nyingi hudhoofisha kitambaa na kukipausha. Hasara yake ni ndege, utafuta vinyesi. Julai na Agosti upepo wa hapa hauna adabu, kwa hiyo naweka ndoo ya maji kila pembe. Kabla ya kulikunja napapasa mishono, pindo za chini na mikanda ya kwenye pembe. Kitambaa cha katikati kikiwa kikavu kabisa, hapo bado pana ubaridi.

Vumbi jekundu nalo lina shughuli yake. Nalikung'uta hema kichwa chini, zipu nazisugua kwa mswaki wa zamani, kisha kipande cha mshumaa juu ya meno yake. Kulifua hasa nimefua mara mbili tu: maji baridi, sponji, sabuni ya mche kidogo, kusuuza mpaka povu liishe. Mashine na sabuni ya unga hapana.

Mfuko wake wa asili ndio nilioufuta kazi. Ni wa kubana, kulirudisha hema humo ni kama kumvalisha mtoto suruali ya mwaka juzi. Nilipeleka shuka la pamba kwa fundi cherehani Majengo, akashona mfuko mpana kwa 4,000. "Kaka, mto wa jitu gani huu?" Pamba inapumua, na hema nalishindilia tu bila kulikunja kwenye mikunjo ile ile, maana mikunjo ndiyo inayopasua lile tabaka. Linakaa chumbani kwenye rafu, mbali na bati na mbali na sakafu, kwa sababu mchwa hawachagui. Panya walinipata mara moja: mtoto alisahau karanga kwenye mfuko wa ukutani, wakatoboa tundu la ukubwa wa sarafu kuzifuata. Kiraka kipo mpaka sasa.

Malalamiko yangu kwa hema lenyewe ni mawili. Vigingi ni laini mno kwa ardhi yetu ya kiangazi, vilipinda vyote siku moja, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea akanikatia vya nondo ya milimita 8. Hivyo nahifadhi peke yake visije kuchoma kitambaa. Na fito ni za faibaglasi, mbili zimeanza kupasuka nyuzi. Ninapozikunja naanzia katikati, ili kamba ya mpira iliyo ndani isivutike upande mmoja.

Nyota: hema 4 kati ya 5, mfuko wake 1, vigingi sitoi.

Januari tulilala Hombolo, mvua ikapiga kuanzia saa tano usiku hadi karibu na alfajiri. Sakafu ilikuwa kavu isipokuwa mlangoni, kulikuwa na dimbwi dogo. Nikakagua mishono yote kwa tochi, moyo unadunda, kumbe mdogo wangu alitoka kujisaidia akaacha zipu wazi.