Kuchapisha na Kujalidi Tasnifu Kampala: Wandegeya au Nasser Road?

Kwa kuchapisha kurasa na kutia waya, Wandegeya inatosha na zaidi. Kwa jalada gumu litakalokaa maktabani miaka mingi, afadhali ushuke Nasser Road, isipokuwa umempata fundi wa Wandegeya anayeshona karatasi kwa uzi na kukuonyesha kazi kabla hajaifunika. Tofauti haionekani kwenye reksini (kitambaa cha plastiki kinachofunika jalada) wala kwenye herufi za dhahabu, maana siku ya kwanza zote hung'aa. Inaonekana mgongoni, pale msomaji wa kumi anapokifungua kitabu katikati na kukibana kwenye mashine ya fotokopi.

Wandegeya iko chini ya kilima cha Makerere, mwendo mfupi kwa miguu kutoka chuoni. Maduka yake ni membamba: kompyuta mbili tatu, printa ya leza, mashine ya fotokopi, kifaa cha kutoboa matundu ya waya na benchi la wateja. Nguvu yake ni kasi. Rasimu ambayo msimamizi anaingoja alasiri unaweza kuichukua adhuhuri, imetobolewa na kutiwa waya. Nasser Road ni mtaa wa namna nyingine. Barabara hiyo fupi ya katikati ya jiji, jirani ya Nkrumah Road, ndiyo makao ya wapiga chapa wa Kampala: mashine za ofseti, visu vikubwa vya kukatia karatasi, wauzaji wa gundi na makaratasi. Wanaoghushi vyeti wameichafulia jina, na wasomi wengine huikwepa kwa sababu hiyo. Wanakosea. Kalenda, vitabu vya risiti na mabango ya uchaguzi hutoka huko pia, na fundi aliyezoea kujalidi leja zinazofunguliwa ofisini kila siku anajua hasa tasnifu inataka nini.

Kabla ya kwenda popote, hifadhi kazi yako katika PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zako, mistari husogea, majedwali huruka ukurasa, na yaliyomo yanasema sura ya nne iko ukurasa wa 87 hali imeanzia wa 89. Hakikisha fonti zimepachikwa ndani ya PDF, na ukubwa wa karatasi ni A4. Programu nyingi huja zikiwa zimewekewa Letter, ambayo ni pana kuliko A4 kwa milimita 6 na fupi kwa milimita 18. Ukisahau kubadilisha, pambizo zote zitavurugika. Wakati wa kuchapisha, mwambie mhudumu achague ukubwa halisi, si lile chaguo la kutoshea ukurasa, kwa sababu hilo hupunguza maandishi kimyakimya.

Wanaoandika kwa Kiswahili wana jambo la ziada. Programu iliyoachwa kwenye Kiingereza huweza kukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, ukapata wanafun-zi badala ya wanafu-nzi. Zima ukataji huo, au weka lugha ya hati nzima iwe Kiswahili. Na kama unampa mchapaji mswada wa mkono, soma upya kila ukurasa kabla ya kulipa. Wachapaji wengi wa Wandegeya wamezoea Luganda na Kiingereza. Tahajia ya Luganda huandika r baada ya e na i, na l kwingineko, basi mkono uliozoea hivyo huandika kalamu palipotakiwa karamu, na kompyuta haioni kosa lolote.

Pambizo ya kushoto iwe sentimita 4. Wengi huiona kubwa mno mpaka wapige hesabu: mshono wa pembeni hula karibu sentimita 1, na kwa kuwa kitabu kilichoshonwa hivyo hakilali wazi kabisa, sentimita nyingine hupotea kwenye mkunjo. Zinabaki 2. Pande nyingine zipewe sentimita 2.5, kwani baada ya kushona kisu hupunguza milimita 3 hadi 5 kila upande, na nambari ya ukurasa iliyo ukingoni huondoka nayo. Jedwali lililolala, kichwa chake kielekee mgongoni. Ukichapisha pande mbili, pambizo pana lazima ihamie kulia kwenye kurasa za nyuma. Weka mpangilio wa kurasa zinazotazamana, na kwanza uliza ofisi ya masomo ya uzamili kama pande mbili zinakubaliwa.

Karatasi iwe ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Karatasi moja ya A4 ya aina hiyo ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo rimu ya 500 ni kilo 2.5. Duka likikuwekea karatasi ya gramu 70 utaigundua kwa kuinyanyua kwenye mwanga: maandishi ya upande wa pili hupenya. Kwa rasimu haina neno, kwa nakala ya maktaba ikatae. Karatasi 300 zina unene wa kama sentimita 3 na uzito wa kilo moja na nusu, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua namna ya kujalidi, kama tutakavyoona.

Printa yoyote ya leza inafaa ikiwa tona yake (unga wa wino) ni nzuri na imeshika. Chukua ukurasa wa kwanza, usugue maandishi kwa kidole kikavu. Ukiona kivuli cha kijivu, ama kiyeyushio cha printa hakipati joto la kutosha ama tona ya kujazia ni duni, na maandishi hayo yatahamia ukurasa wa jirani kadiri kitabu kinavyobanwa. Doa linalojirudia kwa umbali uleule kwenye kila ukurasa mara nyingi ni mkwaruzo wa dramu, silinda inayobeba tona; halitoki kwa kusafisha, badilisha printa. Ramani na picha za rangi zisichapishwe kwa printa ya wino wa maji, kwa kuwa tone moja la mvua huzifuta. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usikubali waendelee kwa kukisia ukurasa ulioishia: warudi nyuma kurasa kadhaa, kisha zihesabiwe zote. Kurasa zinazokosekana na zinazojirudia huzaliwa hapo.

Karatasi ikitoka kwenye printa ya leza huwa imekaushwa na joto na kujikunja kidogo. Iache itulie saa kadhaa chini ya kitu kizito kabla ya kujalidiwa. Ikishonwa ingali moto, hunyonya unyevu baadaye huku ukingo mmoja umebanwa, na matokeo yake ni mawimbi ambayo hayanyooki tena.

Sasa kujalidi, na hapa ndipo maduka yanapoachana. Waya au plastiki ya mviringo ni kwa rasimu na kwa nakala za watahini, kwa sababu zinafunguliwa, masahihisho yanaingizwa, zinafungwa tena. Wandegeya hufanya kazi hii vizuri kabisa. Cha kuangalia ni kipenyo tu: kiwe kipana kuliko unene wa karatasi kwa milimita 3 hivi, la sivyo kurasa zitang'ang'ania na kuchanika kwenye matundu.

Jalada gumu hutengenezwa kwa njia tatu, na dukani zote huitwa jina moja. Ya kwanza ni gundi ya moto peke yake. Inapendeza, ni ya haraka, na kwa kitabu chembamba hustahimili kiasi. Kwa karatasi 300 haifai: gundi hiyo hukakamaa ikizeeka, kitabu kikifunguliwa sana mgongo hupasuka katikati, na kutoka hapo kurasa hutoka moja moja. Ya pili ni pini nene za stepla kubwa, zinazofichwa chini ya reksini. Hushika kwa nguvu mwanzoni, lakini pini huota kutu kwa unyevu wa misimu miwili ya mvua, doa la kahawia huenea kwenye karatasi, na kitabu kinene pini hazikipenyi mpaka upande wa pili. Maduka yenye haraka hupenda njia hii, na ndiyo sababu ya kumtaka fundi akuonyeshe kazi kabla ya kuifunika.

Ya tatu ni kushona kwa uzi, na ndiyo pekee inayostahili nakala ya maktaba. Karatasi husawazishwa, hubanwa, hutobolewa matundu matano au zaidi, milimita 8 hadi 10 kutoka ukingoni, kisha uzi mnene hupita mbele na nyuma na kufungwa. Mgongo hukwaruzwa kwa msasa ili gundi nyeupe iingie, halafu hubandikwa kitambaa chepesi chenye matundu kama bandeji, kinachozidi mgongo kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Kitambaa hicho ndicho kinachoshikanisha karatasi na jalada. Fundi akikiacha, uzito wote wa kitabu unaning'inia kwenye karatasi mbili za mwanzo na mwisho, nazo haziwezi kubeba kilo moja na nusu. Kitabu kinene ambacho ndani yake kimetoka kwenye jalada, reksini ikiwa bado nzima, mara nyingi kilikosa kitambaa hicho. Uliza wazi: una kitambaa cha mgongo? Fundi anayejua kazi atakitoa mezani.

Kadibodi ya jalada iwe na milimita 2 hadi 2.5, ipite karatasi kwa milimita 3 pande tatu. Kati ya kadibodi na mgongo pawe na nafasi ya milimita 6 hadi 8 ili jalada likunjike; pakiwa pamebanwa, kila ukifungua, ukurasa wa kwanza unanyanyuka nalo. Gundi iwe ile nyeupe ya plastiki. Uji wa unga wa ngano bado hutumika hapa na pale, na kwa Kampala ni mwaliko kwa mende. Kisha kitabu kilale chini ya uzito usiku kucha. Hapa ndipo huduma ya "saa moja" inapoharibu kazi: gundi mbichi huivuta kadibodi upande mmoja, na siku ya tatu jalada limejipinda kwa nje. Wakati wa mvua ongeza siku nzima.

Herufi za dhahabu hubandikwa kwa chuma cha moto juu ya foili, utando mwembamba wenye rangi ya dhahabu. Joto likipungua, herufi humenyuka kwa kucha. Likizidi, matundu ya a na e huziba. Mwombe fundi ajaribu kwenye kipande cha reksini ileile, wewe ukipitisha ukucha juu yake. Jina, shahada na mwaka viandikwe pia mgongoni, maneno yakishuka kutoka juu kwenda chini, ili kitabu kikilazwa rafuni, jalada la mbele likiwa juu, mgongo usomeke wima. Andika maneno hayo mwenyewe kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Kosa la tahajia kwenye dhahabu halifutiki.

Bei hupanda sana wiki za kabla ya mahafali, na hapo mjadala huwa mfupi. Nenda mapema, na uulize kila kazi peke yake: ukurasa mweusi, ukurasa wa rangi, kushona, jalada, dhahabu. Bei ya jumla huficha kilichoachwa, na mara nyingi kilichoachwa ni kushona. Mpangilio unaofaa watu wengi ni kuchapisha Wandegeya, kupeleka ukurasa wa tamko utiwe saini za wasimamizi ungali huru (kutia saini ndani ya jalada gumu ni taabu, na wino huchafuka), kisha kubeba karatasi zote Nasser Road kwa kujalidi.

Kabla ya kuondoka duka la uchapishaji, futa faili lako kwenye kompyuta yao, kisha ulifute pia kwenye pipa la takataka la kompyuta hiyo. Tasnifu iliyoachwa dukani inaweza kuuzwa kwa mwanafunzi mwingine. Flashi ichunguzwe virusi ukirudi nyumbani kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta yenye data yako. Kwa fundi wa kujalidi, pitia kurasa za kila nakala hadi ya mwisho, si moja kwa niaba ya zote, kwa sababu hukusanywa kwa mkono. Na kama nakala zinapanda boda boda, kila moja iingie kwenye kavera (mfuko wa plastiki) lake, mgongo ukiwa chini.