Dawa ya kopo ya kusafishia kabureta: nzuri, ila haifufui mpira

Mashine ya kukatia nyasi ikikaa stoo miezi kadhaa na petroli ndani kisha ikagoma kuwaka, mshukiwa wa kwanza ni kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Wengi hukimbilia dawa ya kopo ya kupulizia. Ni dawa nzuri kweli, lakini inasifiwa hata kwa kazi isiyoiweza.

Faida yake ya kwanza ni kupima. Kwa injini isiyochanganywa oili kwenye petroli, fungua chujio la hewa, pulizia kidogo sana mdomoni mwa kabureta, rudisha chujio na kifuniko (injini inaweza kurusha moto nyuma), kisha vuta kamba. Ikishika sekunde mbili tatu ikazima, plagi (ya kuwashia injini) inachoma na kinachokosekana ni mafuta. Isiposhika kabisa, acha kupulizia, kaangalie plagi kwanza. Nyingi za injini hizi zinataka mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8 kwenye ncha za plagi.

Kwenye kusafisha, hapo ndipo watu wanapoilaumu bure. Petroli iliyolala huanza kuharibika ndani ya mwezi mmoja hivi: sehemu nyepesi zinaruka, inabaki gundi ya kahawia inayoziba jeti, yaani kipande chenye tundu jembamba la kupitishia mafuta. Jeti kuu iko chini, kwenye bakuli la kabureta, kwa hiyo kupulizia mdomoni tu hakuifikii vizuri. Chomoa waya wa plagi, funga koki ya mafuta, weka chombo chini, fungua nati ya bakuli (mara nyingi spana namba 10). Toa boya (linaloelea kwenye mafuta), sindano yake inayofunga mafuta, na jeti. Ingiza mrija wa kopo kwenye tundu la jeti, pulizia, subiri dakika kumi, rudia. Kisha inua jeti kwenye mwanga: unatakiwa kuona duara safi, lisilo na ukingo wa uchafu. Likiwa bado limeziba, pitisha uzi mmoja wa waya wa shaba. Sindano ya chuma inapanua tundu, na baada ya hapo injini itakunywa mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mweusi.

Usisahau njia ya sailensa (ya mafuta injini ikizunguka polepole, si bomba la moshi), ile yenye vitundu vidogo karibu na kilango cha hewa. Dawa ikiingia upande mmoja lazima uione ikitoka upande wa pili. Vaa miwani, maana hurudi usoni kwa nguvu, na fanya kazi nje, mbali na moto.

Kasoro yake kubwa ni mpira. Oringi (mpira wa duara) ya bakuli ikiloweshwa na dawa hii huvimba na kukataa kurudi kwenye mfereji wake, basi itoe kabla ya kupulizia. Ndiyo maana siipendekezi kwa mashine ndogo za kufyekea zinazotumia petroli yenye oili: kabureta zake nyingi hazina bakuli wala boya, zina utando wa mpira unaosukuma mafuta. Utando uliokaa stoo hukakamaa. Ukiubonyeza kwa kidole unasikia unalia kama karatasi. Hakuna dawa ya kuulainisha. Nunua seti ya utando na gasketi, na ukiwa hapo kagua mipira ya mafuta kama ina nyufa. Dawa yenyewe haina oili, hivyo usiendeshe injini ya petroli yenye oili kwa kuipulizia.

Pia haiyeyushi kutu. Ukikuta unga mweupe au wa kijani ndani ya bakuli, hiyo ni kutu: maji yaliingia. Ikiwa kutu hiyo imekula jeti au kiti cha sindano, badilisha kabureta nzima.

Kwa kabureta ya boya naipa nne kati ya tano. Kwa ya utando, mbili. Chagua kopo lenye mrija mwembamba, bila huo jeti huifikii. Na petroli ya zamani iliyo kwenye tangi imwage yote nje kabla ya kufunga, la sivyo mabaki yake yataziba jeti ileile uliyotoka kuisafisha.