Kuchagua Antena ya Redio ya Ridhaa kwa Anayeishi Ghorofani

Kabla ya kutazama bei, mnunuzi wa antena ya redio ya ridhaa, yaani ya mawasiliano ya kujifurahisha yasiyo ya biashara, anayeishi katika nyumba ndogo ya ghorofa aamue kwanza antena itakaa wapi. Kuta za zege zenye nondo hudhoofisha mawimbi, na chaja pamoja na taa za LED humwaga kelele za umeme ndani ya nyumba, kiasi kwamba waya wa kawaida ulio nje mara nyingi huishinda antena ghali iliyo sebuleni. Mpangilio ufuatao, kuanzia antena bora, ni wa mwenye leseni ya redio hiyo anayetaka mawimbi mafupi, hasa bendi ya mita 20 (masafa ya karibu megahezi 14, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 20 hivi).

Nafasi ya kwanza naupa waya wenye urefu wa nusu ya wimbi, ambao kebo ya redio huungwa kwenye ncha yake moja, ilimradi uweze kunyooshwa nje, tuseme kutoka roshani hadi kwenye mti. Urefu wake ni mita 10 hivi, nao huunganishwa kupitia transfoma ya uwiano wa 49 kwa 1 inayolinganisha ukinzani wa waya na wa redio, ambayo lazima istahimili wati za redio yako. Kebo ipitishwe kwenye feraiti (pete ya kauri yenye usumaku), isije ikageuka sehemu ya antena na kuzoa kelele za ndani.

Asiye na mahali pa kunyoosha waya anunue kitanzi cha sumaku, yaani antena ya duara la bomba, chenye kipenyo cha mita 1 hivi. Kwa kuwa ukinzani wake wa kutoa mawimbi (kipimo cha nguvu inayogeuka mawimbi badala ya joto) ni sehemu ndogo tu ya omu moja, kila ungio legevu hula nguvu. Kwa hiyo chagua bomba nene la shaba lililochomelewa vizuri, hata kama jembamba linapendeza zaidi kwa wepesi wake. Kitanzi hupokea kwa udhaifu pande mbili, nawe ukikizungusha unaweza kuuelekeza mmoja wa pande hizo kwenye chanzo cha kelele, faida ambayo ghorofani ni kubwa mno. Hata hivyo, kila uhamapo masafa kidogo utalazimika kurekebisha kapasita yake (kifaa cha kukiweka kwenye masafa), ambayo kwa wati 100 hubeba volti elfu kadhaa: kitanzi kiwekwe mbali na watu, na watoto wasikifikie kamwe.

Fimbo fupi ya gari iliyofungwa kwenye vyuma vya roshani ni ya tatu. Koili yake hupoteza nguvu, na bila waya wa kusawazisha wa mita 5 hivi, unaofanya kazi badala ya ardhi, haifai kununuliwa.

Antena fupi zinazodaiwa kufanya kazi bendi zote bila marekebisho ziache, kwani nyingi hutumia kipinga kinachogeuza nguvu yako kuwa joto.