Uzoefu wangu: kamera ya kuchungulia silinda, kwa anayenunua injini ya Datsun 240Z

Kamera ninayoizungumzia ni ile ya waya mwembamba wa milimita 5.5, yenye taa nchani, inayochomekwa kwenye simu. Naitumia kukagua injini za L24, zile za silinda sita zilizokuja na Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani. Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu kamera inaona tu, haipimi.

Ubora wake unaonekana kwenye kusoma namba ya injini. Namba ya L24 imegongwa upande wa kulia wa bloku, nyuma, chini kidogo ya silinda hedi, na injini ikiwa bado ndani ya gari ni shida kupaona. Futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usiguse kwa msasa wala brashi ya waya, maana utafuta mistari ya tupa au gilenda (mashine ya kusaga chuma), na hiyo ndiyo inayokuonyesha kwamba namba ya zamani imeondolewa ikagongwa nyingine. Mulika kwa tochi kutoka pembeni, mikwaruzo itajitokeza yenyewe. Kisha linganisha na kibao kilichomo kwenye chumba cha injini. Namba zikioana, hapo ndipo penye pesa, kuliko kabureta tatu za Weber zinazong'aa.

Baada ya namba, soma herufi zilizotoka na kalibu ya chuma, yaani zilizojitokeza bloku na hedi zilipomiminwa. Bloku ya L24 kwa kawaida ina P30. Ukikuta bloku yenye N42 au F54, hiyo ni L28, injini kubwa zaidi ya Datsun 280Z. Hedi ya E31 ni ya 240Z za mwanzo na inatafutwa sana, kwa kuwa chumba chake cha kuchomea ni kidogo na mgandamizo unakuwa mkubwa. Kuwa mwangalifu na E88: ilitumika pia kwenye 260Z, gari lililofuata 240Z, kwa hiyo peke yake haithibitishi lolote. N42 nayo ni jina la bloku na pia la hedi, na wauzaji wengi huchanganya hapo, wengine bila nia mbaya.

Sasa ndipo kamera inapoishiwa. L24 na L26, injini ya 260Z, zina kipenyo kilekile cha silinda, milimita 83. Kinachozitenganisha ni mwendo wa pistoni: 73.7 kwa L24, 79 kwa L26. L28 ni 86 kwa 79. Tundu la plagi limelala, kwa hiyo fimbo ya kupimia ukiipitisha hapo itakudanganya. Kama bei ni kubwa, dai hedi ifunguliwe, upime kwa kalipa yenye ulimi wa kina. L28 iliyovalishwa sura ya L24 inavuta vizuri zaidi barabarani, lakini mkusanyaji atailipia kama L28.

Ndani ya silinda, tafuta mistari ya msalaba ya honi, ile iliyochorwa na kifaa cha kulainisha ukuta wa silinda. Ikiwa imefutika juu, karibu na ringi zinapogeukia, silinda zimelika. Mwanga wa kamera ukigonga ukuta wenye oili huonekana kama mkwaruzo, hivyo zungusha waya kabla ya kuhukumu: mng'ao utahama, mkwaruzo utabaki palepale. Malizia kwa kipimo cha kuvuja hewa, kinachosukuma hewa ndani ya silinda na kuonyesha ni kiasi gani kinatoroka. Zaidi ya asilimia 20 ni kasoro: hewa ikisikika kwenye kabureta ni valvu ya kuingiza, kwenye ekzosi ni valvu ya kutoa, kwenye kifuniko cha oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Kasoro kubwa ya kamera yenyewe ni kile kioo kidogo cha pembeni kinachobanwa nchani. Kinachomoka. Kikidondokea juu ya pistoni, na sumaku isikinase, utafungua hedi kwa ajili ya kipande cha plastiki. Nunua yenye lenzi mbili, ya mbele na ya pembeni, usihitaji kioo.

Na muuzaji akikwambia injini ilikimbia Safari Rally, kwa sababu 240Z ilishinda mwaka 1971 na tena 1973 ikiwa na Shekhar Mehta, omba karatasi za gari. Hakuna alama kwenye bloku itakayokuthibitishia hilo. Bila karatasi, lipia L24 ya kawaida.