TAHADHARI: Huyu muuza "parachuti ya Waisraeli" wa Kampala ni mwizi

Ndugu zangu tunaokusanya vifaa vya zamani vya jeshi, kama kuna mtu amekutumia picha za parachuti ya kijeshi iliyofungwa, rangi ya kijani, imelazwa juu ya kitenge cha manjano, na bei anaiita "ya kindugu", usitume hata shilingi mia. Mimi ameshanila laki tisa. Naandika hasira bado iko kooni, kwa hiyo maneno yakitoka makali mnivumilie.

Ile nafasi ukutani kwangu niliyoitengea parachuti mnaijua, sina haja ya kueleza. Na wale wa Jinja mmeshanicheka vya kutosha, inatosha jamani.

Nataka muelewe kwamba hakuja na hadithi ya kitoto. Angeniambia ni parachuti ya makomando wa Israeli waliokuja kuokoa mateka uwanja wa ndege wa Entebbe ningemfungia namba palepale, maana sisi wote tunajua usiku ule wa Julai 1976 hakuna aliyeruka. Waisraeli walitua na ndege nne za mizigo aina ya Hercules, wakatoka ndani ya ndege na magari yao. "Parachuti za Entebbe" nimeshauziwa kwa maneno mara nyingi na sijawahi kutoa pesa. Huyu ni mjanja kuliko wale. Alisema hii ni ya mafunzo, ya miaka ya sitini, enzi Waisraeli wakiwafundisha askari wetu wa miavuli, kabla Amin hajawafukuza mwaka 1972. Akanitumia na picha ya Amin mwenyewe, yale mabawa ya Kiisraeli, beji ya askari wa miavuli, yako kifuani. Sasa hapo utabisha nini? Waisraeli walikuwa hapa kweli. Mabawa Amin aliyavaa kweli, hata baada ya kugombana nao. Na T-10 ya Kimarekani, aina ya parachuti aliyosema anauza, ilikuwa inatumika tangu miaka ya hamsini, kwa hiyo hata miaka haigongani. Mtu anakudanganya kwa historia ambayo wewe mwenyewe umeisoma na kuipenda, utamkamatia wapi?

Tulikutana soko la Owino, kwenye stoo nyuma ya mabanda ya mitumba. Umeme hakuna. Siku hiyo nilidhani ni mgao, leo naamini alizima swichi mwenyewe. "Karibu afande," ananiita afande, mimi ambaye hata skauti sijawahi kuwa. Akanivutia kiti. Akatuma kijana alete chai. Mzigo ukatolewa kwenye gunia taratibu kabisa, kama mtu anayetoa mtoto mchanga bafuni, akaulaza kwenye kile kitenge.

Nilikagua. Msiseme sikukagua. Nilikuja na mizani yangu ya kuning'iniza, nikapima, ikasoma karibu kilo 14, na parachuti kuu ya T-10 ndiyo uzito wake huo. Nikavuta kidogo kitambaa kilichokuwa kinachungulia pembeni ya mfuko: nailoni halisi, nyepesi, ile inayoteleza kidoleni na kulia ukiisugua. Nikashika mikanda ya mabegani na ya mapajani. Mizito, imechakaa pale inapostahili kuchakaa. Nilipotaka kufungua mfuko ndipo akanishika mkono. "Mzee, ukikata hako kautepe ka kufungia, kamba thelathini zinamwagika hapa chini. Nani atazikunja? Mimi? Wewe? Kazi ile ina watu waliosomea."

Kamba thelathini! Idadi ya T-10 ndiyo hiyo hiyo. Wauzaji wa kawaida hawajui kama parachuti ina kamba ngapi, na huyu kaitaja bila kuulizwa. Kuhusu kukunja pia alisema kweli, parachuti ya kijeshi haikunjwi na kila mtu. Nikaacha.

Halafu akanimaliza na lebo. Sehemu ya tarehe imesuguliwa, "miaka mingi, mzee, jasho la askari," lakini namba inasomeka. Akamulika na tochi ya simu, akaweka kucha chini ya tarakimu nne za mwanzo: 1670. "Tafuta sasa hivi kwenye simu yako, usiniamini mimi." Nikatafuta. Kwenye mfumo wa ugavi wa Wamarekani 1670 ni kundi la parachuti. Nikasikia mwili umelegea kwa furaha. Nikatuma pesa kwa simu nikiwa bado nimekaa kwenye kiti chake, chai yake mkononi. Akanisindikiza hadi kwa boda, akamwambia boda aende polepole, "huyo amebeba historia." Ametamka hivyo! Mshenzi.

Nyumbani nilikuwa nimemwalika mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, mnamjua wengi wenu. Watoto wa majirani nao wakajaa mlangoni. Mzee hakuugusa mfuko kwanza. Aliinama akaangalia mshono wa mkanda wa bega, akaniuliza, "Kijana, hii nani alikushonea?" Nikacheka nikidhani ananitania. Akakata ule utepe kwa kisu. Juu kabisa kipande cha kitambaa cha parachuti, ukubwa wa shuka la kitanda kidogo. Chini yake turubai kuukuu lililokunjwa vizuri kuleta uzito. Chini ya turubai, chandarua. Chandarua cha mbu, bado kina harufu ya dawa! Kamba zilikuwepo chache, fupi, zimefundikwa kwenye turubai ili ukipapasa kwa nje uzisikie. Watoto walicheka hadi wakakaa chini.

Na ile mikanda? Mzee akasema ni mikanda ya kufungia mizigo kwenye ndege na malori, imekatwa na kushonwa upya na fundi viatu. Vifungo vya chuma vya mabegani, vile ambavyo T-10 hutumia kuachia mwavuli ukishatua, havikuwepo kabisa. Palikuwa na pete za chuma tu, na gizani nilizishika nikaridhika.

Nikampigia. Unajua alinijibu nini? "Nenda polisi, mzee. Uwaambie ulikuja Owino kununua vifaa vya jeshi." Akakata. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba biashara yake yote imesimama juu ya sentensi hiyo. Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, inambana raia anayekutwa na vifaa ambavyo ni vya jeshi peke yake, na tangu 2019 walipoitangaza bereti nyekundu kuwa ya jeshi kila mtu anaogopa hata kofia. Sasa anajua sisi tunaokusanya hatutapeleka kesi. Anatuibia kwa kutumia woga wetu. Lakini nilichonacho mimi ni chandarua na turubai! Chandarua ni silaha ya jeshi gani?

Mtu huyu anatakiwa gereza la Luzira. Sitaki kusikia habari za "alikuwa na shida." Shida gani inampa mtu muda wa kukunja turubai kwa ustadi ule? Afungwe, na fundi viatu wake afungwe, na yule kijana wa chai naye aulizwe alikuwa anacheka nini pale mlangoni. Arudishe laki tisa, arudishe na nauli ya boda. Avalishwe hiyo parachuti yake apandishwe ndege, tuone chandarua kitamshusha vipi. Natania. Kidogo tu.

Haya, mlioniomba dalili za parachuti ya bandia, kwa yale niliyoambiwa na mzee na niliyoyaona baadaye kwenye mwanga wa kutosha. Ile namba ya kwenye lebo ndiyo ilimuumbua. Ina tarakimu 13. Hadi 1974 Wamarekani walitumia namba za tarakimu 11, ndipo zikaongezwa mbili katikati, za nchi: 00 au 01 ni Marekani, Uingereza ni 99. Lebo ya tarakimu 13 haiwezi kuwa ya mtu aliyeondoka Uganda 1972. Basi, kwisha. Na 1670 si parachuti peke yake, kundi hilo hilo lina vifaa vya kufungia mizigo ya ndege, kwa hiyo lebo yenyewe inaweza kuwa halali kabisa, imetolewa tu kwenye mkanda wa mizigo.

Mshono: mikanda halisi imeshonwa kwa mashine, uzi mnene wa nailoni, umbo lilelile kila mahali. Wa kwangu ulikuwa unapinda. Kuna na tochi ya zambarau, ile ya kukagulia noti, nyuzi nyingi za kisasa zinawaka ukizimulika. Ila nguo ya zamani iliyofuliwa kwa sabuni ya unga nayo huwaka, kwa hiyo msiikimbilie. Velcro kwenye kitu kinachoitwa cha vita ya pili ya dunia, ondoka. Mengine nitaandika nikitulia.

Kubwa ni kwamba akikataa usifungue, usinunue. Atakupa sababu nzuri, ninawaambia.

Amebadilisha namba. Jana mwenzetu wa Mbale ametumiwa picha za "kofia ya askari wa miavuli, Mwingereza, 1944", na chini yake kuna kitenge kilekile cha manjano chenye doa la chai pembeni. Mkikiona tena kitenge hicho, msimjibu. Nitumieni picha na namba, na kama yuko tayari kukutana na mtu Owino, mwambieni mteja anakuja, anaitwa afande.